Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kuhesabu wiki

Ndugu zetu wengi hapa Uingereza wanafanya kazi za kutunza wazee, za hospitalini na za usafi, na wanawake wengi kati yao wamekuja na imani moja kutoka nyumbani: ukiacha kazi una mimba, pesa za uzazi nazo umeziacha. Imani hiyo ina chanzo chake. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, ila ni likizo, na asiye na mwajiri hana wa kumwomba likizo. Tanzania nako, siku 84 za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, au 100 kwa mwenye mapacha, ni likizo anayoidai mtu aliye kazini. Uingereza imelipanga jambo hili kwa namna tofauti kabisa, na kutoijua tofauti hiyo kunawagharimu akina mama maelfu ya pauni.

Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Barua za kuacha kazi hupita mezani kwangu, na inaniuma kila ninapoona tarehe kwenye barua ya mjamzito nikajua kwamba angengoja kidogo tu, angeondoka na haki yake yote.

Malipo ya uzazi ya kisheria, ambayo makazini huitwa SMP, hutolewa kwa wiki 39. Wiki 6 za kwanza unalipwa asilimia 90 ya wastani wa mapato yako. Wiki 33 zinazobaki unalipwa kiwango maalumu cha serikali, au asilimia 90 ya wastani wako kama hiyo ndiyo ndogo. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, kiwango hicho kilikuwa pauni 187.18 kwa wiki. Kila Aprili hubadilishwa, kwa hiyo tazama cha mwaka wako.

Anayelipa ni mwajiri, lakini mfuko wenyewe ni wa serikali. Kampuni kubwa hurudishiwa asilimia 92 ya ilicholipa. Kampuni ndogo hurudishiwa yote na nyongeza juu yake, ambayo katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 ilikuwa asilimia 8.5. Meneja akikuambia kampuni haiwezi kumlipa mtu ambaye hayupo tena, hoja yake haina mashiko.

Haki hii haishikwi na siku unayoanza likizo, wala siku unayojifungua. Inashikwa na wiki moja, nami nitaiita wiki ya kufuzu: wiki ya 15 kabla ya wiki unayotarajiwa kujifungua. Wiki zinahesabiwa kuanzia Jumapili hadi Jumamosi. Ukiwa umeajiriwa mahali hapo wiki 26 mfululizo kufikia wiki hiyo, ukawa bado mwajiriwa ndani yake japo kwa siku moja, na wastani wa mapato yako ukafika kiwango cha chini kinachotakiwa, umeshafuzu. Ukiondoka baada ya hapo, mwajiri yule yule atakulipa SMP. Sheria haiulizi uliondoka kwa nini. Umejiuzulu mwenyewe, mkataba umekwisha, umepunguzwa, umefukuzwa: malipo yako pale pale.

Tuchukue mama aliyetarajiwa kujifungua Jumatano tarehe 17 Desemba 2025. Wiki yake ya kujifungua ilianza Jumapili tarehe 14. Ukirudi nyuma wiki 15 unafika Jumapili tarehe 31 Agosti, kwa hiyo wiki yake ya kufuzu ni kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi tarehe 6 Septemba. Alitakiwa awe ameanza kazi hapo si baada ya tarehe 15 Machi. Mkataba wake ukikoma Ijumaa tarehe 29 Agosti, SMP hapati. Ukikoma Jumatatu tarehe 1 Septemba, anapata wiki zote 39. Kwa mwenye mshahara wa kawaida wa kazi ya kutunza wazee, siku hizo tatu zina thamani ya zaidi ya pauni elfu nane.

Angalia pia kwamba inayohesabika ni siku ya mwisho ya ajira, si siku uliyopeleka barua. Unaweza kutoa notisi Agosti, muda wake ukaisha Septemba, na ukafuzu. Kinyume chake ndicho kinachowaumiza watu: bosi anasema kwa upole, "Nenda tu dada, huna haja ya kumaliza notisi," dada anafurahi na kuondoka, kumbe amekubali ajira ikome kabla ya wiki yenyewe. Ukiambiwa hivyo, omba maandishi yanayosema ajira yako inakoma tarehe ngapi.

Sasa mapato, na hapa nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo panapozungumzwa kidogo kuliko panavyostahili. Wastani unatolewa kwenye mishahara iliyolipwa katika kipindi cha wiki zisizopungua 8 zinazoishia siku ya mwisho ya malipo kabla wiki ya kufuzu haijapita. Anayelipwa kwa mwezi huangaliwa mishahara miwili. Katika mwaka huo wa 2025, wastani ulitakiwa usipungue pauni 125 kwa wiki. Wiki hizo zinaangukia takriban mwezi wa tano na wa sita wa mimba, wakati ambapo wengine bado wanatapika na mgongo unauma. Malipo ya kisheria ya ugonjwa yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki. Linganisha namba hizo mbili. Mama ambaye kwa kipindi chote hicho alilipwa pesa za ugonjwa peke yake alianguka chini ya mstari na kukosa SMP, hata kama alikuwa amefanya kazi hapo miaka mitano. Sipendi kumwambia mgonjwa aende kazini, wala siambii mtu hivyo. Ninachosema ni kwamba ukiwa na siku za likizo ya mwaka zenye mshahara kamili, wakati wa kuzitumia ni huo. Na kama una zamu za ziada unazoziweza, zikilipwa ndani ya kipindi hicho zinainua malipo yako ya wiki 6 za mwanzo.

Kuna bei ya kuondoka mapema hata kwa aliyefuzu. Aliye kazini huchagua siku ya kuanza kulipwa. Aliyeondoka hachagui. Ukiacha kazi kabla ya wiki ya 11 kabla ya wiki ya kujifungua, malipo huanza Jumapili ya wiki hiyo ya 11. Ukiacha baada ya hapo, huanza kesho yake. Mama wetu wa Desemba angeanza kulipwa tarehe 28 Septemba na kumaliza tarehe 27 Juni 2026, mtoto akiwa na miezi sita na siku chache. Angebaki kazini hadi mwisho wa Novemba, pesa zingemfikisha mwisho wa Agosti. Kama mwili unaruhusu na kazini hapana manyanyaso, mimi ningebaki.

Akina dada wenye kazi mbili, kila kazi inapimwa peke yake. Ukifuzu kote kuwili, unalipwa kote kuwili. Ila jihadhari na mwajiri mpya. Ukianza kazi kwa mtu ambaye hakuwa mwajiri wako katika wiki ya kufuzu, kabla ya kujifungua haina neno, SMP ya zamani inaendelea. Ukimfanyia kazi baada ya mtoto kuzaliwa, hata zamu moja ya usiku kupitia wakala, SMP inakatika na hairudi, na unapaswa kumjulisha mwajiri wa zamani.

Suala hili la kuacha kazi linawagusa hasa wenye viza ya kazi iliyofungwa kwa mwajiri. SMP si miongoni mwa fedha za umma ambazo viza yako inakukataza kuzigusa, basi kuipokea hakuvunji sharti lolote. Lakini SMP haikupi ruhusa ya kuishi. Ukiacha kazi, mdhamini wako ana wajibu wa kuijulisha wizara ya mambo ya ndani, na viza kwa kawaida hufupishwa ubakiwe na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa hiyo kuna mama anayeweza kuwa na haki kamili ya kulipwa wiki 39 na wakati huo huo asiwe na haki ya kuzingoja hapa. Kabla ya kuandika barua, ongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si na kikundi cha WhatsApp.

Na aliyekwisha kuacha kazi kabla ya wiki ya kufuzu? Asikate tamaa. Kuna posho ya uzazi, inayoitwa Maternity Allowance, ambayo hulipwa na idara ya kazi na pensheni, DWP, kwa fomu ya MA1. Ukiwa umefanya kazi wiki 26 kati ya 66 zilizotangulia wiki ya kujifungua, kwa mwajiri yeyote au kazi yako mwenyewe, na katika 13 kati ya hizo ukapata angalau pauni 30 kwa wiki, unaweza kulipwa kwa wiki 39 hadi kiwango kile kile cha serikali, kilichokuwa pauni 187.18 kwa wiki katika mwaka ulioanza Aprili 2025. Haikatwi kodi, na nayo haimo katika orodha ya fedha za umma. Wengi wanaopita kwangu hawajawahi kuisikia. Na kama mwajiri alikuachisha kwa lengo la kukwepa kulipa SMP, ukiwa umefanya kazi kwake angalau wiki 8, deni bado ni lake.

Wafanyakazi wa hospitali za umma, NHS, wana mpango wao mnono zaidi, wenye sharti la kurudi kazini kwa miezi 3. Usiporudi watadai sehemu ya NHS. Sehemu ya SMP hawawezi kuidai.

Mkunga au daktari hukupa cheti cha MATB1 kuanzia wiki 20 kabla ya wiki ya kujifungua, yaani kinakuja kabla wiki ya kufuzu haijafika. Mpelekee mwajiri, baki na nakala. Akikataa kukulipa, anatakiwa akupe fomu ya SMP1 yenye sababu. Kama sababu haieleweki, wapigie HMRC, yaani mamlaka ya kodi, kitengo cha migogoro ya malipo ya kisheria. Uamuzi wao mwajiri hulazimika kuufuata, na kampuni ikifilisika, HMRC wenyewe huchukua jukumu la kukulipa. Ukipiga, uwe na hati zako za mshahara mkononi, za ile miezi miwili.