Je, wajua kwa nini povu la siki na bekingi soda halisafishi kitu?

Mimi nilikuwa muumini kabisa wa hii kitu. Mtoto alipoanza kutambaa na kulamba kila anachokutana nacho sakafuni, nikaamua madawa makali basi, nikachukua siki nikamwagia bekingi soda, povu likapanda mpaka juu, nikajiona mjanja, nikaijaza kwenye chupa ya spreyi na kuikaza vizuri. Yaliyofuata nitayasimulia huko chini.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: siki inasafisha, bekingi soda nayo inasafisha, basi zikiwa pamoja zitasafisha mara mbili. Nadhani wengi tunapiga hesabu hiyohiyo, na povu ndo linatumaliza maana macho yanakuambia kazi inafanyika. Kumbe lile povu ni hizo dawa mbili zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, na uchafu umekaa pembeni unaangalia.

Siki ya dukani ni maji yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, bekingi soda iko upande wa pili, inapokea asidi. Chukulia siki ni mtu ana mzigo kichwani na anatafuta wa kumtwisha. Anayetwishwa huo mzigo hawezi kuubeba, anavunjika vipande. Ule ukoko mweupe ndani ya birika, unaoachwa na maji ya kisima, ni chokaa, na siki ikifika pale inautwisha mzigo wake, chokaa inavunjika, sehemu yake inatoka kama viputo vya gesi na iliyobaki inayeyuka kwenye maji. Hiyo ndo kazi tunayoitaka. Sasa wewe umemsimamisha bekingi soda mlangoni, naye ni mwepesi kuliko chokaa, anaudaka mzigo kabla siki haijaingia ndani. Anavunjika yeye, gesi inatoka kwa fujo (hilo ndo povu), na siki inafika kwenye chokaa mikono mitupu. Viputo ni vilevile, tofauti ni nani kavunjika.

Kinachobaki ni maji na chumvi moja inaitwa sodiamu asetati. Haina ubaya, kuna vyakula inatiwa kuleta uchachu, na nchi za baridi iko kwenye vile vifuko vya kupasha mikono joto, kwa kweli ni kitu cha kuvutia sana ila sio kwenye sinki, haikati mafuta wala haing'oi chokaa.

Na haihitaji nyingi. Kikombe cha siki cha mililita 250 kina asidi kama gramu 12 na nusu, inamalizwa na gramu 17 au 18 za bekingi soda, yaani vijiko vinne vya chai visivyo na kilima. Ukiweka pungufu unabaki na siki iliyopoozwa, ukizidisha unabaki na bekingi soda iliyolowa.

Nisiwe mkali sana: kwenye bomba la sinki lile povu linaweza kutikisa uchafu uliolegea, sikatai. Ila wengi wanamalizia na maji ya moto, na mimi nahisi maji ya moto yanaibiwa sifa zake hapo.

Turudi kwenye chupa yangu. Mililita 100 tu za siki zikimalizana na bekingi soda zinatoa gesi kama lita 2. Kwenye chupa ya nusu lita iliyokazwa hiyo gesi haina pa kwenda, kwa hiyo kichwa cha spreyi kiliruka na ukuta wa jiko ukaoga. Bahati mtoto alikuwa kalala.

Kila moja ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri tu. Bekingi soda ni chengachenga laini za kusugulia na inapunguza harufu, siki ni ya chokaa, mafuta waachie sabuni. Usichanganye siki na sabuni ya mche pia, asidi inairudisha sabuni kuwa mafuta na unapata mabonge meupe kama mtindi. Na magadi ya kupikia maharage sio bekingi soda, yale ni makali zaidi, yanachuna mikono.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao sio wa kucheka: jiki na siki. Unatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha vitani Ypres kule Ubelgiji mwaka 1915. Kwa hiyo ule utaratibu wa "nilianza na jiki, ngoja nimalizie na siki" bila kusuuza katikati, acha. Ila jiki usiitupe. Siki inapunguza baadhi ya bakteria lakini sio dawa ya kuaminika ya kuua vijidudu, mtu akiharisha ndani ya nyumba osha kwanza kwa sabuni, halafu jiki iliyozimuliwa kwa maji kama lebo inavyosema, madirisha wazi, mtoto nje.

Halafu neno "asilia" linatudanganya. Watu wanatia mafuta ya mikaratusi kwenye spreyi ili inukie, wakati kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo mtoto mdogo akikinywa kinaweza kumlaza hospitali, hata degedege linaweza kumpata. Siki yenyewe ikiingia jichoni inachoma kwelikweli, na kwenye chupa ya soda mtoto wa miaka miwili anaona soda.

Ya kwangu siku hizi inakaa kwenye chupa yake ya dukani juu ya kabati, na bekingi soda imerudi kukaa na unga.