Kozi ya mtandaoni ikibadilika: dhana potofu na ukweli

Tuchukue kozi ya mishahara ya wahasibu wa hoteli za Malindi na Lamu. Tarehe 1 Oktoba 2024 makato ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya wa Kenya, yaliondoka, ikaingia SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Kozi ya namna hii haina budi kubadilishwa, na hapo ndipo watu huharibu.

Dhana: Kusasisha ni kufuta la zamani na kupakia jipya.

Pakiti ya SCORM, yaani faili la masomo lililofungashwa kwa muundo ambao mifumo ya kozi za mtandaoni huusoma, hubeba masomo tu. Rekodi za mshiriki, yaani alipofikia na alama alizopata, zimo kwenye seva. Ukifuta shughuli nzima (sehemu ya kozi inayobeba pakiti hiyo) ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, rekodi zake huondoka nayo. Ukipakia pakiti mpya juu ya ile ya zamani, rekodi hubaki, ila aliyeishia ukurasa wa 14 huenda akarudishwa ukurasa wa 14 ambao sasa ni somo jingine, kwa kuwa mmeongeza kurasa tatu mwanzoni.

Kwa hiyo kosa la tahajia au picha rekebisha juu kwa juu, pakiti uiite toleo la 2.1. Ukigusa mpangilio wa masomo, maswali au alama ya kufaulu, fungua shughuli mpya, toleo la 3.0. Ile ya zamani wafiche wapya, waliomo wamalize kwa tarehe mliyoitangaza. Sheria ikibadilika, kumaliza peke yake hakutoshi: wape pia somo fupi la nyongeza.

Dhana: Jibu likibadilika, hariri swali, kisha hesabu alama upya.

Hili ndilo linalodhulumu watu. Mshahara wa shilingi 40,000 ulikatwa 1,000 za NHIF. Kwa SHIF ni 1,100. Aliyejibu 1,000 mwaka 2023 alijibu sawasawa. Ukihesabu alama upya kwa jibu jipya, unamwangusha mtu mtihani alioufaulu kwa haki. Tangu Moodle 4.0 ya mwaka 2022, kila swali huhifadhi matoleo yake. Lifunge jaribio la zamani kwenye toleo lake, na hesabu ya SHIF uiandikie swali jipya katika jaribio jipya.

Dhana: Ikishafika kwenye seva, kila mtu anayo.

Aliyeko Faza au Kiunga, mtandao ukimsumbua, hupakua kozi kwenye simu asome bila intaneti. Nakala hiyo hukaa vilevile mpaka apate mtandao na kuipakua tena. Gawanya kozi, kila somo pakiti yake, ili somo la makato likibadilika asimalize bando kupakua video zote. Namba ya toleo na tarehe ziwe kwenye ukurasa wa kwanza wa somo, maana jina la faili mshiriki halioni. Akipiga simu kuomba msaada, swali la kwanza ni: hapo juu pameandikwa nini?

Dhana: Nakala ya akiba ya kozi inatosha.

Inatosha ikiwa sehemu ya watumiaji ilitiwa tiki nakala ilipotengenezwa. Bila hiyo unarudisha masomo matupu, hakuna alama. Ijaribu kwanza kwenye kozi ya majaribio.

Dhana: Cheti ni cheti.

Kiandikwe toleo na tarehe. Meneja akiona 2.1, ajue mwenye nacho alifundishwa hesabu za NHIF, amwelekeze kwenye somo la nyongeza kabla hajakabidhiwa mishahara ya mwezi.