Je, Wajua kwa Nini Halmashauri Inayotaka Kuokoa Klabu ya Soka Hufanya Vyema Kununua Uwanja Kuliko Kulipa Madeni?

Klabu ya soka ya kulipwa inaposhindwa kulipa mishahara, mashabiki humgeukia kwanza mmiliki, na ikidhihirika kwamba mmiliki hana fedha au hana nia, huigeukia halmashauri ya mji. Ombi lao hueleweka kirahisi: klabu hiyo imebeba jina la mji kwa miaka mingi, na halmashauri ndiyo yenye bajeti. Hata hivyo, miji kadhaa ya Ulaya imekwisha kulijibu ombi hilo kwa njia tofauti, na matokeo yake yanaonyesha kwamba fedha za umma zilizokabidhiwa klabu zimekuwa zikipotea, ilhali fedha zilizotumika kuufanya uwanja kuwa mali ya mji zimeweza kuinusuru klabu bila kumuumiza mlipakodi. Sababu ya tofauti hiyo imo katika namna klabu za soka zinavyotumia fedha, na hasa katika utaratibu wa kulipa madeni pale klabu inapofilisika.

Sehemu kubwa ya matumizi ya klabu ya kulipwa ni mishahara ya wachezaji. Katika daraja la pili la Uingereza, linaloitwa Championship, imetokea katika misimu kadhaa kwamba jumla ya mishahara ya klabu zote imezidi jumla ya mapato yao, jambo ambalo katika biashara nyingine yoyote lingehesabiwa kuwa wazimu. Klabu hufanya hivyo kwa sababu fedha za haki za matangazo ya televisheni katika Ligi Kuu ni nyingi kupindukia, na kila mmiliki huamini kwamba akiongeza wachezaji wawili au watatu wa ghali atapanda daraja na kufidia hasara yote. Kwa kuwa nafasi za kupanda ni tatu tu kwa msimu, wengi wao hawana budi kukosea. Fedha za halmashauri zikiingia katika mashindano ya namna hiyo hazipunguzi pengo. Huishia katika mikataba ya wachezaji, na msimu unaofuata klabu hurudi kuomba tena. Mwanauchumi wa Hungaria János Kornai, alipochunguza viwanda vya serikali katika nchi za kijamaa, alieleza kwamba shirika linalojua litaokolewa kila linapokwama huacha kuhesabu gharama zake. Wachambuzi wa soka wameona tabia hiyohiyo katika klabu, nami naona hoja hiyo ina uzito kuliko zote zinazotolewa dhidi ya ruzuku.

Tatizo la pili linajulikana kwa watu wachache, ingawa ndilo lingepaswa kumtia hofu kila diwani. Kwa miaka mingi ligi za Uingereza zimekuwa na kanuni ya wadai wa soka, inayotaka klabu iliyofilisika iwalipe kikamilifu wachezaji wake na klabu nyingine inazodaiwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea kucheza. Wadai wengine wasio na dhamana, wakiwemo mafundi, wauzaji wa vyakula na, hadi mwaka 2020, hata mamlaka ya kodi, hugawana kinachobaki, ambacho mara nyingi ni sehemu ndogo ya wanachodai. Mamlaka ya kodi ya Uingereza iliipinga kanuni hiyo mahakamani na ikashindwa mwaka 2012. Halmashauri inayoikopesha klabu bila dhamana madhubuti hujiunga na foleni hiyo ya nyuma, kwa maana kwamba fedha zilizokusanywa kwa ajili ya barabara na huduma za wazee husimama nyuma ya ada ya uhamisho wa mshambuliaji.

Mji wa Northampton nchini Uingereza ulijifunza hayo kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 2013 halmashauri yake iliikopesha klabu ya Northampton Town pauni milioni 10.25 kwa ajili ya kuendeleza uwanja wa Sixfields. Kwa nje mkopo huo ulionekana salama, kwa kuwa ulihusu majengo wala si mishahara, lakini fedha zilipitia mikononi mwa klabu na kwa wajenzi, jukwaa la mashariki likabaki nusu limejengwa, na sehemu kubwa ya mkopo haikurudi. Polisi walifungua uchunguzi, na mwaka 2015 klabu ilipouzwa kwa wamiliki wapya halmashauri ililazimika kukubali kuondoa deni hilo katika makubaliano ya kuinusuru. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba fedha ni za uwanja. Ni lazima itazamwe pia nani anazishika, na nani anabaki na mali baada ya kila kitu kuharibika.

Wala kuwa na sehemu ya uwanja peke yake si kinga, kama Coventry ilivyoshuhudia. Halmashauri ya mji huo ilikuwa mbia katika kampuni iliyoendesha uwanja uliofunguliwa mwaka 2005, na klabu ya Coventry City ilikuwa mpangaji anayelipa zaidi ya pauni milioni 1 kwa mwaka. Klabu iliposhuka daraja na kuacha kulipa pango mwaka 2012, halmashauri iliikopesha kampuni ya uwanja pauni milioni 14.4 ili isianguke, wamiliki wa klabu wakaenda mahakamani kuupinga mkopo huo, na timu ikahamia kucheza mechi zake za nyumbani Northampton. Mahakama iliipa halmashauri haki, lakini mashabiki hawakupata faraja yoyote katika hukumu hiyo. Pango lililopangwa kwa matumaini ya daraja la juu huiua klabu ikiwa daraja la chini.

Plymouth ilifanya kwa busara zaidi. Klabu ya Plymouth Argyle iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi mwaka 2011, na badala ya kulipa madeni yake halmashauri iliununua uwanja wa Home Park kwa pauni milioni 1.6, ikaukodisha kwa klabu hiyohiyo, na kuacha mlango wa klabu kuununua tena. Mwaka 2016 klabu iliununua. Mji haukupoteza mtaji wake, na kama klabu ingekufa, halmashauri ingebaki na ardhi yenye thamani.

Uholanzi ilitumia njia hiyo mara nyingi kiasi cha kuifanya Tume ya Ulaya kuingilia, kwa kuwa sheria za Umoja wa Ulaya hukataza serikali kuipendelea kampuni moja dhidi ya washindani wake, na klabu ya kulipwa ni kampuni. Mwaka 2011 mji wa Eindhoven ulinunua ardhi iliyo chini ya uwanja wa PSV kwa takriban yuro milioni 48 na kuikodisha tena kwa klabu, na Tume iliona kwamba bei na kodi zilikuwa za soko, hivyo hapakuwa na msaada wowote. Mji wa Maastricht nao ulisamehe mkopo wa yuro milioni 1.7 uliokuwa ukiidai klabu ya MVV na kununua uwanja wake. Tume ilihesabu kuwa huo ulikuwa msaada, lakini mwaka 2016 iliuruhusu kwa sababu uliambatana na mpango wa kweli wa kupunguza gharama. Masharti ya misaada ya aina hiyo yanafaa kuigwa hata nje ya Ulaya: klabu nayo ichangie, na msaada usirudiwe ndani ya miaka 10.

Wako wanaodai kwamba halmashauri isitoe chochote, kwa hoja kwamba klabu haiongezi uchumi wa mji. Wanauchumi wa Marekani Roger Noll na Andrew Zimbalist walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba fedha ambazo watu hutumia michezoni kwa kiasi kikubwa zingetumika katika burudani nyingine humohumo mjini. Naikubali hesabu hiyo, lakini haimalizi suala. Klabu ya Bury, iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa ligini mwezi Agosti 2019, na mji huo ulipoteza kitu ambacho hakuna sinema wala mgahawa ungekijaza. Halmashauri hulipia bustani na maktaba bila kudai faida, na uwanja wa soka unastahili kuhesabiwa katika kundi hilo.

Kinachonipa matumaini ni kwamba klabu zenyewe hufa kwa nadra sana. Mwanauchumi Stefan Szymanski amebainisha kwamba karibu zote kati ya klabu 88 zilizokuwa katika ligi ya Uingereza mwaka 1923 bado zipo, ingawa nyingi zimewahi kufilisika. Kampuni huanguka pamoja na madeni yake, kisha klabu huzaliwa upya kwa jina lilelile au linalokaribiana nalo. Parma ya Italia ilitangazwa mufilisi mwaka 2015. Meya aliwapokea waliotaka kuanzisha timu mpya, akalikabidhi kundi moja idhini ya kuuwakilisha mji katika daraja la nne, na kufikia mwaka 2018 timu ilikuwa imerudi Serie A, daraja la juu la Italia. Mji haukuhitaji kubeba madeni ya kampuni iliyokufa, ila kuzaliwa upya kwa namna hiyo hutegemea uwanja kuwepo bado. Mmiliki mbaya huanza kwa kuuweka rehani au kuuuza, na ndiyo maana sheria ya usimamizi wa soka iliyopitishwa Uingereza mwezi Julai 2025 inazitaka klabu zipate kibali cha mdhibiti kabla ya kufanya hivyo. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, ni hatimiliki pekee iliyo mikononi mwa halmashauri inayoweza kumzuia.