ERA ya Machi haimpi mtu nafasi: dhana potofu kuhusu warushaji wa besiboli kambini

Juzi kijana mmoja alilala kwenye kitanda changu cha matibabu, mkono wa kulia nimeushika mimi, wa kushoto ameshika simu. Namuuliza bega linauma wapi, yeye ananionyesha takwimu. "Dokta, hebu tazama. ERA yangu ni 1.20. Jana wamenishusha ligi ndogo. Aliyebakizwa ana 6.75. Hii ni haki?" Mimi si daktari, ni fizio, na hilo nalo nimechoka kulisahihisha. ERA ni wastani wa pointi anazobebeshwa mrushaji kwa kila iningi tisa, yaani mchezo mzima; iningi moja kwake ni kurusha hadi wapigaji watatu watolewe. Ikiwa ndogo ndiyo nzuri.

Nafanya kazi Mesa, Arizona. Kila mwaka katikati ya Februari warushaji na wadakaji wanaripoti kambi ya machipuko, ya kujiandaa na msimu, siku chache kabla ya wenzao, na timu 15 zinajazana kwenye viwanja 10 hapa pembezoni mwa Phoenix. Zile nyingine 15 zinakwenda Florida. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa Machi nasikia maneno yaleyale, kwa wachezaji, kwa wazazi wao, hata kwa kinyozi wangu: mwenye ERA ndogo kuliko wenzake kambini ndiye anayechukua nafasi ya tano kwenye rotesheni, lile kundi la warushaji watano wanaoanzisha michezo kwa zamu. Sivyo.

Tupige hesabu basi. Mrushaji anayewania nafasi atarusha kambini iningi 15 hivi, akibahatika 20. Kwa iningi 15, pointi mbili tu zinakupa ERA ya 1.20. Sasa upepo wa alasiri uuvushe mpira mmoja juu ya ukuta huku watu wawili wako kwenye besi. Pointi tano, ERA 3.00. Mpira mmoja! Mkono ni uleule na kasi ni ileile, lakini asubuhi ulikuwa nyota na jioni umekuwa mtu wa kawaida. Timu inayopanga michezo 162 haiwezi kutegemea kipimo kinachoyumba namna hiyo.

Halafu ulimrushia nani? Ukiingia iningi ya saba, aliyesimama mbele yako ana namba 94 mgongoni na wiki ijayo atakuwa kambi ya ligi ndogo. Wakubwa walishaoga, wanaelekea uwanja wa gofu. Timu inajua ubora wa kila mpigaji uliyekutana naye, hata kama takwimu za simuni kwako hazionyeshi.

Na yule mwenye 6.75 huenda hakuwa kwenye mtihani kabisa. Mkongwe mwenye uhakika wa nafasi anaambiwa leo rusha chenjiapu, ule mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, kwa wapigaji wa mkono wa kushoto, hata wakiijua. Wanaijua, wanaipiga, naye anarudi benchi anatafuna mbegu za alizeti kama vile amepoteza kitufe cha shati. Siku nyingine anapelekwa viwanja vya nyuma, kusiko na mashabiki, ambako kocha anaifunga iningi mara mipira aliyopangiwa inapofika, hata kama wapigaji watatu hawajatolewa. Ongeza na hewa ya hapa: kavu, na tuko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mpira unateleza vidoleni, na ule wa kupinda haupindi kama unavyopinda Florida. Nimewaona watu wakibadili mshiko wa slaida (mpira unaopinda pembeni) waliyoitumia miaka kumi kwa sababu ya wiki mbili za ukame wa Arizona. Wakirudi kwenye unyevu wanashangaa imepotelea wapi.

Wanachotazama makocha ni vitu visivyobadilika kila siku: kasi, mzunguko wa mpira, mahali mkono unapouachia, uwezo wa kupata straiki (mpira mzuri uliomshinda mpigaji) hata ulipokwisha kurusha mibovu zaidi. Kamera zinarekodi yote hayo, na mipira 40 inatosha kuonyesha kwamba mtu amepoteza kasi ya maili mbili kwa saa. Wanatazama pia mkono unavyoamka kesho yake, ambalo ndilo swali langu mimi.

Baada ya hapo kuna makaratasi. Orodha ya siku ya kwanza ya msimu ni ya watu 26, warushaji wasizidi 13. Mwenye opsheni, yaani miaka ambayo timu inaruhusiwa kumshusha ligi ndogo bila kuuliza mtu, anashushwa na kupandishwa na timu haipotezi kitu. Asiyenayo, kabla ya kushushwa, lazima atangazwe kwa timu nyingine zote, na yoyote inaweza kumchukua. Kijana wangu wa 1.20 bado ana opsheni mbili. Wa 6.75 hana hata moja. Ungekuwa wewe mwenye duka, ungemwacha yupi aende kwa jirani?

Msiniambie ni uonevu wa wanyonge. Paul Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya 2023, alianza msimu wa 2024 Indianapolis, ligi ndogo, ingawa kila mwenye macho alijua timu yake, Pirates, hawana mkono kama ule. Walikuwa wanampandishia mzigo polepole, na siku za utumishi, zinazoamua lini mchezaji ataweza kuondoka kwenye timu, nazo zina hesabu yake, kwa kuwa siku 172 kwenye ligi kuu ni mwaka mzima. Alipanda tarehe 11 Mei. Msimu ukaisha ana ERA ya 1.96 na tuzo ya chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu.

Kinachoniudhi kuhusu dhana hii ni kwamba inaishia kitandani kwangu. Kambi ni ngazi. Mara ya kwanza mipira 25 au 30, siku tano baadaye 45, na mwisho wa Machi unafika 85 au 90. Anayeamini kuwa ERA ndiyo tiketi anaziruka ngazi hizo, anarusha kwa nguvu zake zote Februari, na mkono ukianza kulalamika ananyamaza. Ligi Kuu yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 ikionyesha kwamba majeraha ya warushaji hupanda wakati wa kambi, na kwamba kukimbizana na kasi ni sehemu kubwa ya tatizo. Huyu kijana wangu, nilipouzungusha mkono wake kwa ndani, uligoma mapema mno ukilinganisha na wa pili. Nikamuuliza ulianza lini kukaza. "Wiki ya pili ya kambi." Ulimwambia nani? Akarudi kwenye simu yake.

Mengine nitayapitia upesi, maana hilo la kwanza limekula chai yangu yote.

"Kambi ni ndefu bure, mrushaji mzuri haihitaji." Waulizeni warushaji Blake Snell na Jordan Montgomery. Wote wawili walichelewa kusaini hadi nusu ya pili ya Machi 2024. Snell, ambaye alitoka kushinda tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, alianza na timu ya Giants akiwa na ERA iliyopita 9 katika michezo yake sita ya mwanzo. Mwili ulipokaa sawa, tarehe 2 Agosti akawarushia Cincinnati mchezo mzima bila kupigwa hata mpira mmoja wa besi. Montgomery, bingwa wa dunia wa 2023 akiwa na Rangers, hakukaa sawa kabisa mwaka ule: 6.23 na Diamondbacks. Sisemi kuchelewa ndiko kulikofanya yote hayo. Ila mtu asije kuniambia kuwa wiki sita ni mapambo.

"Akipata operesheni ya Tommy John atarudi na kasi zaidi." Baba mmoja wa Bukavu, ambaye mwanawe anarushia timu ya sekondari hapa mjini, alinijia na hili kwa adabu zote: "Dada, si heri wamufanyie mapema, mutoto akiwa bado kijana?" Nikamwomba aketi kwanza. Mtoto kiwiko chake ni kizima! Operesheni hii ni ya kano ya ndani ya kiwiko iliyokwisha kuraruka. Inapandikizwa nyingine kutoka sehemu nyingine ya mwili, kisha unasubiri mwaka, mara nyingi mwaka na zaidi. Dkt. Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John mwenyewe mwaka 1974, yule bwana alirudi 1976 na akashinda michezo 164 mingine kabla ya kustaafu, na nadhani hapo ndipo hadithi ilipoota mbawa. Kasi wanayorudi nayo baadhi ya vijana inatokana na miezi mingi ya kujenga miguu, kiuno na mgongo wa juu, kazi ambayo walikuwa wanaikwepa walipokuwa wazima. Baba yule aliondoka na karatasi ya mazoezi badala ya jina la mpasuaji. Sijui kama aliridhika.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki imebaki mkononi." Laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili. Kinachouma kesho yake ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo na sasa zinajikarabati. Kwa hiyo kukimbia kilomita tano "kuitoa asidi" hakukusaidii chochote ila uchovu.

"Rotesheni ni watu watano, ukikosa Machi umekosa mwaka." Kwenye kalenda ya Aprili kuna siku nyingi za mapumziko, na mara nyingi mtu wa tano anarukwa. Kufika Septemba timu nyingi zimetumia waanzishaji tisa, kumi, hata zaidi, kwa sababu ya majeraha. Wa saba kwenye orodha ya Machi ana kazi Juni, mradi mkono wake uwe umefika Juni.

"Sisi Waafrika mchezo huu hautuhusu." Hili silisikii kwa wachezaji, nalisikia kwa shemeji zangu Mombasa. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Uganda ilicheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 timu ya Dodgers ya Los Angeles iliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Dodgers hao wanapiga kambi Glendale, ng'ambo ya pili ya jiji kutoka hapa kwangu.

Na barafu. Kila jioni ya Machi naona vijana wamefungwa mifuko ya barafu bega zima hadi kiwiko, kama samaki wa Kongowea. Barafu inatuliza maumivu, basi. Haikarabati kitu. Ukiipenda, dakika 15 zinatosha. Kisha kula, na ulale kwa muda wa saa nane nzima, simu ikiwa chumba kingine.