“Imewaka kwenye pipa” na imani nyingine za wanunuzi wa boti

Wiki jana alinijia kijana wa Kongowea, mashine ya boti yake ya kwanza iko nyuma ya tuktuk. “Fundi, mashine hii niliijaribu mwenyewe. Ilishika kamba ya kwanza!” Nikamuuliza aliijaribu wapi. “Kwenye pipa la maji, uani kwa muuzaji.” Nikaweka spana chini. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila anayelitoa huwa ameshalipa.

Mashine ikiwaka kwenye pipa, ulichojua ni kwamba plagi zatoa moto na petroli yafika. Basi. Humo hakuna mzigo wa kusukuma. Mashine ya silinda mbili, moja ikiwa imechoka, itanguruma vizuri tu kwa mwendo wa chini. Ipeleke nje na watu watatu ndani, mkondo wa Kilindini ukikukabili, ndipo utakapoijua. Ya kijana huyu ilienda dakika kumi, ikaishiwa nguvu, ikazima mbele ya Likoni huku feri yaja. Mvuvi mmoja ndiye aliyemvuta hadi ufuoni, kwa makasia.

Nilipofungua kichwa cha silinda, njia za maji zilikuwa nyeupe, chumvi imegandana kama ukoko wa wali. Mashine hizi hupozwa na maji ya bahari yenyewe: impela ya mpira iliyo chini huyavuta, huyazungusha kwenye silinda, kisha yakatoka. Ukizima bila kuosha, yaliyobaki ndani hukauka na chumvi yake hukaa. Safari baada ya safari, njia huziba. Kwenye pipa, gesi ikiwa chini, maji kidogo yapitayo hutosha, na pembeni utaiona ikikojoa kama nzima. Kaza gesi uone: hayatoshi tena, na pistoni huanza kukwaruza ukuta wa silinda.

Kwa hiyo, kabla haijawashwa, iguse. Ikiwa ya vuguvugu, muuzaji ameshaiamsha kabla hujafika, usione inavyowaka ikiwa baridi. Mwambie utarudi kesho asubuhi. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi utoe matone machache ya oili. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia na sili, zile raba za kuzuia maji, zimekwisha. Toa plagi, pima kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya kila silinda kwa geji. Usibabaishwe na namba yenyewe, tazama tofauti: silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10, kuna jambo. Kisha nendeni majini nusu saa, boti ina watu, na kwa dakika kadhaa gesi iwe mwisho. Mkirudi, fungua kifuniko udondoshe maji juu ya kichwa cha silinda. Themostati, mlango mdogo wa maji ya kupoza, kwa mashine nyingi ndogo hufunguka kwenye digrii 50 hadi 60, hivyo tone litakaa pale litulie. Likichemka, aga uende zako. Na muuzaji akikwambia “majini hatuendi, ami, petroli ghali,” mimi huwa sihitaji hata kutoa geji mkobani.

Pipa lina kazi yake. Lijaze maji ya mfereji, washa mashine humo dakika kumi kila urudipo kutoka baharini. Wengi hawafanyi. Wanasema mashine imeundwa kwa bahari, chumvi haiiwezi. Haya.

Wengine hunijia na “faiba haiozi”. Faiba haiozi, kweli. Lakini kwenye tezi, pale mashine inapofungwa, boti nyingi zina plaiwudi katikati ya faiba. Tundu la boliti lisilozibwa sawasawa hupitisha maji, ubao ukaoza ndani kwa ndani na rangi nje yang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia pembeni ukija katikati. Sauti ikigeuka nzito kama ya papai bovu, umefika penyewe. Halafu shika mguu wa mashine uunyanyue na kuushusha. Tezi ikicheza, kutengeneza kwake kwaweza kukugharimu kuliko boti yenyewe.

Kuna na wapenda nguvu. Boti ya futi 14, mtu ataka mashine ya nguvu za farasi 40, ati ndiyo usalama. Uzito ule huikalisha tezi chini, na wimbi la kusi likikujia kwa nyuma litapanda ndani. Isitoshe, mashine ya 40, hata iwe ya kisasa, gesi ikiwa mwisho hunywa karibu lita 15 kwa saa. Kwa kuvua ndani ya mwamba au kuzunguka hori la Tudor, ya 15 hadi 25 yatosha. Angalia pia urefu wa mguu: mfupi ni inchi 15, mrefu inchi 20, na lazima ulingane na kimo cha tezi. Nimeona mtu akinunua mashine nzuri kabisa isiyoingia kwenye boti yake.

Mashine iliyotoka Ziwa Victoria “haijaonja chumvi”. Vyema, ila tazama vipande vya madini vilivyofungwa mguuni ili viliwe badala ya mashine. Vikiwa vya magnesi ni vya maji baridi, baharini huisha upesi mno. Weka vya zinki au alumini, na tafadhali, usivipake rangi! Kikipakwa hakifanyi kazi, kinacholiwa ni mguu wenyewe.

Na hizi mashine za kuchanganyia oili kwenye petroli, zinazosemwa zimepitwa na wakati? Mwenye fedha kidogo namshauri aanze nayo. Yanywa zaidi na yatoa moshi, lakini haina mambo mengi, na spea zake hapa Mombasa si za kutafuta kwa tochi. Oili iwe ya boti, yenye alama ya TC-W3, si ile ya msumeno wa petroli, ambayo imetengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa upepo.

Kijana aliniuliza kama kuna kitu kingine. Nilimwambia fedha yote isiishie kwenye boti: thuluthi moja ibaki kwa impela, zinki, nanga na kamba yake, ukaguzi wa KMA (mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya), jaketi la kuokolea kwa kila atakayepanda, na makasia mawili. Makasia ameshanunua.