Tenga sehemu moja ya kuchajia: simu na vishikwambi visilale kitandani

Umeme ukiwa wa kukatika na kurudi, maswali yanayotufikia sisi tunaoshughulikia kinga na tahadhari za moto huwa ni yale yale. Chaja imeyeyuka, soketi imeungua, simu imevimba mgongo, tufanye nini? Tunajibu, na tutaendelea kujibu. Swali lenye faida kubwa zaidi halisikiki sana: hapa nyumbani, vifaa vyote vichajiwe wapi? Kaya ya watu watano siku hizi ina simu nne, kishikwambi cha mtoto, laptopu, pawabenki moja au mbili na taa ya chaji. Kila kifaa kinajitafutia soketi: kimoja chini ya mto, kingine juu ya friji, kingine nyuma ya kochi ambako hakuna anayekiona. Vikusanywe mahali pamoja, panapoonekana, pasipo na kitu laini cha kushika moto.

Tuanze na dhana inayotusumbua kila siku, kwamba chaja zikiwa nyingi kwenye ekstensheni moja lazima zitaiunguza. Piga hesabu. Simu nne zinazochaji kwa kasi, kila moja wati 20, ni wati 80. Laptopu ya kawaida ni wati 65, kishikwambi 20, pawabenki mbili 40. Jumla ni wati 205. Gawanya kwa volti 230 za umeme wetu, unapata ampia 0.9 (ampia ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya). Soketi ya ukutani imetengenezwa kubeba ampia 13. Kwa hiyo familia nzima ikichaji kwa wakati mmoja haifikishi hata ampia moja.

Kinachounguza ni pasi. Pasi ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampia 4, birika la wati 2,000 linakaribia 9, na vyote huchomekwa kwenye ekstensheni ile ile ya simu kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usioweza mzigo huo. Soma maandishi kwenye waya wenyewe: 3 x 0.75 maana yake nyuzi tatu za milimita za mraba 0.75, nao ni wa ampia 6 tu. Ukiona 0.5 ni wa ampia 3. Wa kubeba ampia 13 ni 1.25 kwenda juu. Waya usio na maandishi yoyote, muulize muuzaji. Akikujibu "huo ni mzuri, bosi", urudishe.

Kwa hiyo sehemu ya kuchajia iwe na ekstensheni yake, isiyofanya kazi nyingine, na uifunge kwa fyuzi ndogo. Hili ndilo ningependa kila nyumba ilifanye. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, na karibu zote hutoka dukani na fyuzi ya ampia 13. Chomoa plagi ukutani, kisha itazame upande wa pini. Plagi zilizofinyangwa pamoja na waya wake zina kidroo kidogo katikati ya pini, unakichokonoa kwa bisibisi bapa. Nyingine zina skrubu moja ya kufungua mfuniko. Toa fyuzi ya 13, weka ya ampia 3. Maduka ya vifaa vya umeme wanazo, na mwili wake huandikwa 3A. Ampia 3 kwa volti 230 ni wati 690, mara tatu ya mahitaji yenu yote ya kuchaji. Siku mtu akichomeka birika hapo, fyuzi itakatika ndani ya muda mfupi. Pasi ndogo ya wati 1,000 inaweza isiikate, kwa kuwa fyuzi hustahimili kuzidishwa kidogo, lakini hata hapo waya wa 0.75 hautazidiwa. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya.

Na hapa tuelewane vizuri. Wapo wanaotoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imekatika kwa sababu ilikuwa inakuambia kitu. Ukiifunga kwa waya, kitakachokatika safari ijayo ni ule waya uliopita chini ya zulia. Fyuzi mpya bei yake ni ndogo kuliko ya soda.

Jambo la pili linalounguza ni mguso hafifu. Chaja nyingi zinazoingia nchini zina pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za matundu matatu bapa. Watu wanasukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, vifuniko vya ndani vinafunguka, kisha wanaisukuma chaja kwa nguvu. Inaingia, inawaka, wanaona yameisha. Ndani, pini ya mviringo inagusa bati bapa kwa ncha tu. Umeme unapita kwenye eneo dogo mno, panapata joto, bati linalegea, mguso unazidi kuwa hafifu, joto linazidi, na mwisho zinaanza cheche. Soketi hiyo hata ukirudi na plagi sahihi haitaishika tena. Tumia adapta ya pini tatu iliyo na fyuzi yake. Zile ekstensheni zenye tundu la kupokea plagi za kila aina ziepuke kwa sababu hiyo hiyo: tundu linalopokea kila pini haliishiki barabara hata moja.

Utajuaje soketi imeanza kuungua? Baada ya nusu saa ya kuchaji, chomoa plagi na uiguse kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu kwenye chaja yenyewe ni wa kawaida. Joto kwenye pini si la kawaida. Tazama kingo za matundu kama zina rangi ya kahawia. Sikiliza mchirizo mdogo kama wa mafuta kikaangoni. Na unuse: plastiki ya soketi inayopikwa taratibu hutoa harufu ya samaki aliyeoza. Nyumba ambayo haijapika samaki ikianza kunuka samaki, zima meni swichi kwanza ndipo uanze kutafuta.

Mahali pa kuiweka

Chumba cha kulala kiwe chaguo la mwisho, na kitanda kisiwe chaguo kabisa. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu unaomlegeza mtu kabla moto haujamfikia. Chandarua ni wavu wa plastiki, na moto huupanda kama ngazi. Simu inayochaji ndani ya chandarua, juu ya sponji, chini ya mto, imezungukwa na kila kitu tunachowaambia watu wakiweke mbali. Isitoshe, betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikipita joto la nyuzi 45, na chini ya mto joto halina pa kutokea.

Sebuleni panafaa zaidi. Chagua ukuta mkavu usiovuja mvua wala kupanda unyevu, mbali na pazia angalau mita moja, mbali na sinki na ndoo za maji. Usipange sehemu ya kuchajia karibu na mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, na cheche ya plagi inatosha.

Kanuni kubwa kuliko zote hizo ni ya mlango. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, kwa hiyo mlango ndio njia pekee ya kutoka. Ukiwa umelala, mlango uwe upande wako na chaja ziwe upande wa pili. Usilazimike kupita mbele ya kinachoungua ili utoke. Anayeishi chumba kimoja azingatie hili kuliko mwenye nyumba kubwa: weka rafu kwenye kona iliyo mbali na mlango na mbali na kitanda, na uchaji jioni mkiwa macho.

Rafu yenyewe si kazi ngumu. Ubao wa upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 80 unatosha, ufungwe kwa mabano mawili ya chuma, kimo cha mita 1.2 au zaidi kutoka sakafuni ili mtoto anayejifunza kutembea asifikie. Juu ya ubao laza vigae viwili vya sentimita 40 kwa 40, vinavyougusa ukuta; atakayekuwa na kipande kilichobaki kwenye ujenzi anacho tayari. Kigae hakishiki moto, na hupoza mgongo wa simu. Kitambaa cha kupambia kisiwekwe juu yake, hata kiwe kizuri namna gani. Vifaa visirundikwe, acha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Rafu ya mbao ya kusimamishia sahani inafaa sana kwa simu na vishikwambi vyembamba.

Ekstensheni ifungwe ukutani kwa skrubu kwenye matundu yake ya nyuma, juu ya rafu, ili isining'inie na kuvuta plagi. Waya wake upite ndani ya tranki ya plastiki (ule mfereji wa kufunika waya ukutani), si chini ya zulia na si kwa kupigiliwa misumari iliyokunjwa. Urefu ukizidi usiufunge kama kamba ya mbuzi: waya uliokunjwa matabaka hautoi joto. Nunua mfupi. Waya za chaja za mita moja zinatosha. Kila moja ibandikwe karatasi yenye jina, na ikichanika shingoni itupwe badala ya kuzungushiwa tepu. Na utazame nyuma ya kabati mara kwa mara, maana panya hupenda ganda la waya.

Chaja bandia ni habari nyingine. Ndani ya chaja, upande wa volti 230 na upande wa volti 5 hutenganishwa kwa nafasi na vihami. Kwenye bandia nafasi hiyo hubanwa ili kupunguza gharama, na siku ikishindwa, volti 230 zinakuja hadi kwenye simu iliyo sikioni mwako. Ndiyo maana tunasema usiongee na simu ikiwa kwenye chaji. Dai risiti, tafuta bidhaa yenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inapokuwepo, na ukiuziwa bandia peleka taarifa Tume ya Ushindani ukiwa na risiti hiyo, bidhaa yenyewe na mahali duka lilipo. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na bidhaa hizo hukamatwa na kuteketezwa. Bila risiti, taarifa yako inakuwa ngumu kufuatilia.

Kama unahitaji soketi mpya ukutani, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hajafungua kitu. Angalia jina lilingane na kitambulisho chake, angalia daraja, angalia tarehe ya kuisha. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa kisheria. Mwambie pia apime eathi na akuwekee breka ya kukata umeme unaovuja wa milliampia 30 kama haipo. Ile yenye kitufe cha T, ambacho utakibonyeza mara moja kwa mwezi kuona kama inakata. Kumvutia jirani waya kutoka kwenye soketi yako hakuruhusiwi, na kuchezea mita ni kosa la jinai. Na ukianza kuchaji simu za mtaa kwa malipo, hapo umefungua biashara, na maeneo ya biashara hukaguliwa. Fika ofisi ya zimamoto ya wilaya yako uombe ukaguzi, na malipo yote yafanywe kwa kontroo namba. Mkaguzi hapokei pesa mkononi.

Betri ikivimba au kuwaka

Simu ambayo mfuniko umeinuka au kioo kimebanduka pembeni, betri yake imevimba. Gesi imejaa ndani. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji "mara ya mwisho nihamishe picha". Izime, iweke nje kwenye sufuria la chuma au juu ya zege, mbali na jua, kisha ipelekwe kwa fundi wa simu. Usiitupe jalalani, ikipondwa na gari la taka inaweza kuwaka.

Ikianza kutoa moshi au kuzomea, usiishike. Zima meni swichi kama unaifikia bila kupita kwenye moshi, toa watu wote, funga mlango nyuma yenu. Usimwage maji kwenye kitu ambacho bado kimechomekwa. Umeme ukishakatwa, maji mengi yanasaidia kuipoza betri. Mchanga unazuia cheche zisitawanyike lakini hauipozi, na betri inaweza kuwaka upya baada ya dakika kadhaa.

Piga 114, namba ya zimamoto. Ni bure. Usianze kwa kulalamika na usikate simu mpaka uambiwe. Taja mkoa na wilaya, kata, mtaa, kisha alama inayojulikana: shule, msikiti, kanisa, kituo cha daladala. Taja kinachoungua na kama kuna mtu amebaki ndani. Wengi husubiri hadi ndoo zishindwe ndipo wapige, halafu wanasema zimamoto huja bila maji. Gari la lita 5,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika linaisha kwa dakika 5, na lazima liende kujaza. Likiitwa mapema, maji hayo yanatosha chumba kimoja. Likiitwa paa likiwa limeshashika, hayatoshi. Kupiga 114 kwa mzaha nako ni kosa, na namba iliyopiga huonekana.

Wakati gari liko njiani, mtu mmoja asimame barabarani penye ile alama mliyoitaja, akiwa na tochi iliyowashwa, na wengine waondoe bodaboda na meza za biashara kwenye uchochoro.