Kung'oa petali si kuondoa ua

"Maua yakikauka nayatoa yote, lakini petunia yangu haichanui tena." Kauli hii nimeisikia kwa wateja mpaka siku hizi najua nitakachokikuta kabla sijaingia bustanini. Petali zilizonyauka, yale majani laini ya rangi ya ua, zimerundikwa vizuri kwenye ndoo, na kwenye mmea vikonyo bado vimesimama, kila kimoja kina kitu kidogo cha kijani kwenye ncha. Hicho cha kijani ndicho kilichotakiwa kiwe ndooni.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba ua ni petali, basi petali zikitoka ua limetoka. Petali kazi yake ni kuwaita wadudu. Uchavushaji ukishafanyika, mmea wenyewe hauzihitaji, unaziacha zinyauke. Kinachoendelea na kazi ni ovari, pale chini petali zinapoanzia, ambamo mbegu zinakua. Mbegu changa hula sana, na pia hutoa homoni zinazoupunguzia mmea hamu ya kutoa matumba mapya. Kwa mimea ya msimu mmoja kama petunia na zinia, mbegu ndiyo shabaha ya maisha yake yote. Ikizipata za kutosha, haina haraka tena ya kuchanua. Ukichomoa petali peke yake umependezesha bustani kwa siku mbili tatu, lakini mmea unaendelea kulea mbegu zake kama kawaida.

Asiyeamini ashike petunia iliyonyauka aivute taratibu. Petali zake zimeungana, kwa hiyo zitachomoka zote kwa mkupuo bila ubishi, na urahisi huo ndio unaowadanganya watu. Sasa tazama kilichobaki. Kuna sepali 5, vile vijani vya kijani vilivyolishika ua kwa chini, zinanatanata ukizigusa, na katikati yake kimejificha kifuko chenye ncha. Kipasue kwa ukucha. Kikiwa kimeanza kuvimba utakuta kimejaa mbegu nyeupe ndogo mno, na kimoja tu kinaweza kubeba zaidi ya 100. Zidisha kwa vifuko vyote ulivyoviacha, halafu uniulize tena kwa nini mmea umechoka.

Kwa hiyo kwenye petunia bana kikonyo chenyewe, chini ya sepali, ukikate kwa kidole gumba na ukucha. Zinia na dalia zina kikonyo kirefu. Usikate shingoni ukaacha kijiti kikauke juu ya mmea. Shuka nacho mpaka kwenye jozi ya majani au tawi dogo la pembeni, ukate juu yake kidogo, maana pale jani linapoungana na shina ndipo chipukizi jipya linapotokea. Geraniamu haihitaji hata mkasi: fuata bua la shada mpaka linapoungana na shina, ulisukume kando, litavunjika lenyewe pale pale linapotakiwa kuvunjika.

Dalia ina mtego wake. Tumba ambalo halijafunguka na ua lililokwisha kujifunga vinafanana kwa mbali, na mtu mwenye haraka hukata matumba akaacha mabaki, kisha lawama zinaniangukia mimi. Tumba ni la mviringo, limebonyea kidogo juu, na ukiliminya ni gumu. Ua lililokwisha limechongoka mbele, na ukiliminya ni laini, mara nyingi hata linatoa maji. Minya kwanza, kata baadaye.

Wateja huucheka ushauri wangu huu, lakini nitaurudia: tafuta kimkasi kidogo chenye ncha nyembamba, kile cha kukatia nyuzi, ukiweke karibu na mlango. Ule mkasi mkubwa wa kupogolea unakaa stoo, na kwa kuwa unakaa stoo, kazi inangoja wikiendi, na kufikia wikiendi mbegu zimeshaanza kukua. Dakika chache kila baada ya siku mbili zinatosha.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka. Ya kwanza ni kwamba kila ua lazima likatwe. Hapana. Vinka na impatiensi hujisafisha zenyewe. Ua la hibiskasi linakaa siku moja au mbili, linajikunja na kudondoka. Wewe fagia tu. Bogamvilia nayo imewachanganya wengi, maana kile chenye rangi si petali, ni majani yaliyobadilika; maua yenyewe ni vile vimirija vidogo vyeupe katikati. Usihangaike na kimoja kimoja. Subiri wimbi zima la maua lipite, kisha fupisha matawi marefu, kwa sababu inachanua kwenye matawi mapya.

Kuna sheria ya waridi kwamba lazima ukate juu ya jani lenye vijani 5, la sivyo halichanui. Ni kanuni ya kukadiria tu. Hata jani la vijani 3 lina jicho linaloweza kuchipua. Ukishuka chini zaidi unapata tawi nene lenye nguvu, basi. Waridi changa au dhaifu likate juu juu, liachie majani mengi, kwa maana chakula chake kinatengenezwa humo. Na yale yanayochanua mara moja tu kwa mwaka hayatarudia hata ukiyakata kila asubuhi. Utajinyima matunda yake ya kupendeza bure.

Wanaokata majani ya amarilisi na gladiola mara tu ua linapokwisha, naomba waache. Bua la ua ndilo la kuondoa. Majani yabaki, tena bila kufungwa mafundo, mpaka yawe ya njano yenyewe. Ndiyo yanayolishibisha tunguu kwa ajili ya maua yajayo.

Haidranjia ile ya mashada ya mviringo, yenye majani mapana, hutengeneza matumba yake mapema kwenye matawi ya zamani. Ukiifyeka mpaka chini kwa nia ya kuisafisha, umefyeka maua ya msimu unaofuata. Kata juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, uishie hapo.

Kupaka rangi au dawa kwenye kidonda cha kikonyo? Mmea unajiziba wenyewe. Kilicho muhimu ni mkasi mkali na safi.

Na kumwaga mbolea nyingi "ili mmea upone" ni njia ya uhakika ya kupata majani, hasa ikiwa ni yenye naitrojeni nyingi. Mwagilia kwanza, weka mbolea kidogo, kisha uupe mmea muda.

Anayetaka kuvuna mbegu aache kukata kuelekea mwisho wa msimu, kwenye mimea michache aliyoichagua, na vifuko vikaukie hapo hapo kwenye mmea. Ila kama mmea ni chotara, ule ulioandikwa F1 kwenye pakiti, asije kunilalamikia miche isipofanana na mama yake.